Haki ya Kukata, Wajibu wa Kungoja

Bujora, Juni

Ukitoka Mwanza mjini unashika barabara ya Musoma hadi Kisesa, kisha unapanda kilima. Sikukuu ya Ekaristi ikishafika, Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, hupamba moto: kundi la Bagika upande huu, la Bagalu upande ule, wote wakicheza saa ile ile. Mshindi ni aliyevuta umati, basi mchezaji hucheza huku akipima kwa jicho watu wa jirani. Utamaduni huu ulipata makao hapa chini ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanzisha pia makumbusho ya Wasukuma. Nikitazama ngoma zilizopangwa, naona magogo. Huko chini ziwani nako, sangara hukaushwa kwa moto wa kuni. Kilima kinadai miti, na mwambao unadai miti.

Njia ya Shinyanga

Kusini mwa hapa, mti una historia chungu. Enzi za mkoloni vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kisha operesheni vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga watu na malisho waliyoyatunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu, zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Kilichofufuliwa ni desturi ya wazee. Mvua zikianza, eneo linafungwa ili nyasi na migunga viote. Kiangazi kikikaza na malisho ya nje yakiisha, linafunguliwa. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati huitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, na kutozwa faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, ndio macho ya kijiji. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi, pamoja na kuni, nguzo, asali, dawa na nyasi za kuezekea. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Great Wishford, Uingereza, 29 Mei

Mbali na Usukuma kuna desturi nyingine ya miti na ngoma. Huko kijiji huamshwa kwa kelele alfajiri, kisha watu huenda msitu wa Grovely kukata matawi mabichi ya mwaloni. Baadaye wanawake hucheza mbele ya kanisa kuu la Salisbury, na umma hulitaja jina la msitu kwa sauti kuu. Haki yao ya kuokota kuni iliandikwa mwaka 1603. Mwaka 1892 wakaunda chama cha kuilinda isififie.

Nikilinganisha

Watu wa Wishford husherehekea ruhusa ya kuchukua, kwa kuwa hofu yao ilikuwa mwenye ardhi. Msukuma wa ngitili hupatana na jirani kujizuia, kwa kuwa hatari ni ng'ombe wao wenyewe. Vilima vya Mwanza vinavyokatwa kuni na mkaa vina shida ya pili, ya watumiaji wenyewe, si ya kwanza. Umati wa Bulabo upo tayari kila Juni, lakini umati hauoteshi mgunga. Wenyeji wa vilima hivyo waanze kwa kupatana nani atangoja, hadi lini, na faini ni kiasi gani. Wachezaji hawatakosekana.