Wapi Mtoto Anaruhusiwa Kugusa

Mtoto wa miaka minne akiingia ukumbi mkubwa wa Field Museum, Chicago, hasimami kusoma kibao. Anakimbilia mguu wa Máximo, dinosau wa mita 37 aliyetanda katikati ya ukumbi, na kuukumbatia. Hakuna askari anayempigia kelele. Máximo ni nakala iliyotengenezwa kwa kufuata mifupa iliyofukuliwa Argentina, na tangu alipowekwa hapo mwaka 2018 wageni wako huru kupita chini yake na kumshika.

Wazazi waliokulia Afrika Mashariki hushtuka. Wengi wao waliyajua makumbusho kama mahali pa kupelekwa mara moja na shule, mikono nyuma, macho mbele.

Kuna pia chumba cha watoto wa miaka 2 hadi 6, kiitwacho Crown Family PlayLab. Humo mtoto huchimba mifupa ya dinosau, huvaa vazi la mnyama wa msituni, na huvuna mahindi ya kuchezea katika nyumba ya mfano ya Wapueblo. Hapo kwenye mahindi wazazi wa kwetu hukaa wakitazama kwa muda mrefu. Mtoto ambaye nyanya yake ana shamba zima la mahindi Bungoma anajifunza kuvuna katikati ya jiji la Marekani, na anafurahia kwa sababu hakuna mtu anayemwambia aharakishe.

Uhuru huo una watu walioupigania. Mmoja wao ni Michael Spock, mwana wa Benjamin Spock, daktari maarufu wa watoto. Tangu utotoni kusoma kulimtesa kwa sababu ya disleksia. Alipokabidhiwa makumbusho ya watoto ya Boston mwaka 1962, alianza kuvitoa vitu nyuma ya vioo. Katika maonyesho yake ya mwanzo alionyesha vitu vya kawaida vilivyokatwa, watoto wapate kuona ndani mna nini. Alikaa huko hadi 1985, kisha akahamia Field Museum yenyewe. Leo mtoto asiyejua kusoma, au asiyejua Kiingereza vizuri kwa kuwa familia imefika juzi kutoka Kongo, anaingia pale na kuondoka na jambo alilolielewa kwa mikono yake.

Si kila kitu kinaguswa, na ni sawa kabisa. Simba wa Tsavo wamo katika jengo hilo hilo, nyuma ya kioo. Ni wale madume wawili wasio na manyoya shingoni waliowala wafanyakazi wa reli mwaka 1898, daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa. John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi huo, aliwaua Desemba mwaka huo, akazitandika ngozi zao nyumbani kama mazulia kwa takriban miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho hayo kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimechakaa na kupunguzwa, ndiyo maana simba hao wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa walipokuwa hai. Mwaka 2024 kundi la watafiti, akiwemo Ogeto Mwebi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lilitangaza lilichokikuta kwenye nywele zilizonasa katika meno yao yaliyovunjika: DNA ya twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia na binadamu. Mtoto akiuliza simba walikula nini, mzazi ana jibu la uhakika la kumpa, na kwa Mkenya ni jibu linalomhusu.

Ukija kwenye makumbusho ya taifa ya Nairobi, hazina ni kubwa zaidi. Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye Kamoya Kimeu aliona kipande cha kwanza cha mifupa yake mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikufa akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, na tayari alikuwa na urefu wa karibu sentimita 160. Mwambie mtoto wa darasa la tatu kwamba mwenzake wa rika lake alikuwa na kimo cha mtu mzima, uone macho yake. Uani amesimama Ahmed, tembo wa Marsabit, katika sanamu ya ukubwa wake kamili. Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda mwaka 1970, naye akafa mwaka 1974.

Sasa tazama ziara ya shule hapo ilivyo. Mabasi ya njano yanashusha watoto wenye sweta, wanapangwa wawili wawili, na safari inaanza kwa mwendo wa askari. Kwenye Bustani ya Nyoka kuna mtoto aliyebandika pua kwenye kioo akitaka kujua koboko hunywaje maji. Nyuma yake foleni inasukuma, na mwalimu anahesabu vichwa. Mwalimu huyo hana kosa. Amepewa watoto wengi kuliko macho yake, na asubuhi moja tu.

Nje ya makumbusho, hata hivyo, pwani ya Kenya inaishinda Chicago. Haller Park, Bamburi, ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisiloota kitu. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, mpaka alipoleta majongoo ya kuyala na kuyageuza udongo. Mtoto anaweza kuchutama pale njiani, akamgusa jongoo mmoja kwa kidole, akamwona anajikunja duara, na papo hapo akaambiwa kwamba msitu aliosimama ndani yake umesaidiwa na mdudu huyo. Hakuna chumba cha michezo Marekani chenye somo la namna hiyo. Kinachohitajika ni mtu wa kulisema, maana mgeni asiyeambiwa atapita akielekea kulisha twiga tu.

Hata Nairobi, kugusa kunawezekana. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mafundi wa kutengeneza nakala za visukuku, na kazi yao hununuliwa na taasisi za nje. Ujuzi upo, kalibu zipo. Mtaala wa umilisi nao unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Meza moja uani karibu na Ahmed, yenye nakala za mafuvu matatu au manne, gamba la kobe, jino la kiboko na mwelekezi mmoja mwenye subira, ingebadilisha ziara nzima ya watoto wa chekechea. Wakati huo unasubiriwa, familia inayorudi likizo Agosti au Desemba, shule zikiwa zimefungwa, itakuta kumbi zina nafasi. Iombe mwelekezi pale mlangoni, imwache mtoto achague ukumbi mmoja, na ikae humo hadi maswali yake yaishe.