Ubeti wa Vyakula

Kila Majilio yanapoanza, sisi wa kwaya ya parokia hufungua sanduku la bati lenye madaftari ya nyimbo. Mchwa wamekula pembe za kurasa, na maandishi ya waliotutangulia yameanza kufifia. Nyingi katika nyimbo za Noeli tulizirithi kwa Mapadri Weupe. Baadhi zimefasiriwa kwa Kiswahili, nyingine tunaziimba katika Kifaransa chao, kila mtu kwa jinsi alivyosikia. Mwaka uliopita kijana mmoja wa sauti ya besi, anayemaliza sekondari, alisimamisha mazoezi akauliza: «Mwalimu, huu mti tunaousifu, yupo humu ndani aliyewahi kuuona?»

Hakuna aliyeuona. Tumeuimbia msonobari kwa zaidi ya miaka thelathini hapa Kasongo, tukiwa tumepamba kanisa kwa makuti ya michikichi. Tulimweleza kijana yule kile tulichokisoma zamani tukiwa katika masomo ya ualimu: kwamba wimbo ule ni wa Wajerumani, na maneno yake yanayojulikana yaliandikwa na mwalimu wa shule wa mji wa Leipzig, Ernst Anschütz, mwaka wa 1824. Wala mwanzoni haukuwa wimbo wa Noeli. Ulisifu uaminifu wa mti usiopukutisha majani hata katika baridi kali. Desturi ya kuingiza mti nyumbani wakati wa Noeli ilipoenea, wimbo nao ukafuata mti ndani ya nyumba. Kijana akasema kwamba mchikichi pia haupukutishi majani. Alikuwa na haki.

Vivyo hivyo kwa vyombo vya muziki. Katika wimbo mmoja wa Kifaransa tunamwalika Mtoto kwa sauti za vyombo viwili ambavyo, kwa miaka mingi, tulidhani ni majina ya watu. Kimoja ni ndugu wa zumari lile la watu wa pwani. Kingine ni filimbi inayopulizwa kwa mfuko wa ngozi. Sisi tunacho kinu, tunazo ngoma na kayamba. Na mahali wanapoimba theluji, kwetu Desemba ni mwezi wa mvua: barabara ya Kabambare hugeuka tope, na baiskeli zenye mizigo husukumwa kwa mabega.

Lakini jambo lililotufanya tuandike ni vyakula. Binti mmoja wa kwaya, aliyesoma Kampala, alitusikilizisha katika simu yake nyimbo za Waingereza, akatufasiria. Katika mmojawapo waimbaji husimama mlangoni pa mtu, humtakia heri, kisha humdai chakula kitamu cha tini, na kuapa kwamba hawataondoka mpaka wapewe. Tulicheka sana, kwa maana watoto wetu hufanya vilevile siku ya Mwaka Mpya, wakipita nyumba kwa nyumba kudai bonane yao. Tuliuliza chakula hicho kikoje. Ni kama keki nzito, yenye matunda makavu, mafuta ya ng'ombe na viungo, huchemshwa kwa saa nyingi ndani ya kitambaa. Watu wengi wanaouimba wimbo huo leo hawajawahi kukionja. Kuna na wimbo wa kichwa cha nguruwe-mwitu, uliochapwa mwaka wa 1521, na hata sasa katika chuo kimoja cha Oxford, Queen's College, kichwa huletwa mezani kwa maandamano huku wakiuimba. Kuna nyimbo za kinywaji cha moto cha pombe, sukari, viungo na matofaa. Na kuna ule wa mfalme mtakatifu wa Bohemia, ambao padri John Mason Neale aliutoa mwaka wa 1853: siku ya Mtakatifu Stefano mfalme anamwona maskini akiokota kuni, naye anatoka kwenye baridi kumpelekea nyama, divai na kuni. Huo wa mwisho tulimwomba binti aurudie.

Hapo tukakumbuka kwamba hata sisi tunao ubeti wa vyakula, na kwamba kuna mwaka tuliuondoa kwa mkono wetu wenyewe.

Wimbo huo ulitungwa hapa kwetu, miaka ya 1980, na katekista ambaye sasa amelala. Ubeti wa kwanza ni wa malaika, wa pili ni wa wachungaji. Wa tatu ni wa akina mama: wanafika pangoni mmoja mmoja, kila mmoja na alichokibeba. Mmoja ana wali mweupe, mwingine ana sombe iliyotiwa mawese, mwingine anavuta beberu kwa kamba, wa mwisho ana vitumbua katika jani la mgomba. Mzee yule hakuwa amesoma theolojia ya utamadunisho. Aliandika alichokiona jikoni mwa mke wake.

Nasi tulikiona kwa mama yetu. Mwezi wa Desemba mpunga shambani ulikuwa bado, kwa hiyo wali wa Noeli ulitoka katika mavuno yaliyopita. Mama aliuficha mchele katika kopo kubwa chini ya kitanda tangu mwezi wa nane, na aliyeligusa kopo hilo alijuta. Usiku wa tarehe 23 vinu vilisikika mtaa mzima, hata mtu aliyekuwa amesahau siku alijua. Mchele wa vitumbua ulilowekwa, ukatwangwa ukawa unga laini, ukatiwa tembo kidogo la mchikichi ili uumuke, ukaachwa hadi asubuhi. Sombe ilitwangwa na watoto, kwa zamu, na ikapikwa muda mrefu mno kwa matumbo yaliyokuwa yakisubiri. Kuhusu mbuzi, baba yetu hakumchinja kamwe. Alimwita jirani yetu Mwislamu aje amchinje, ili naye na watoto wake waweze kula nasi. Siku ya Idi sahani ilivuka ua kutoka upande wao. Na sahani haikurudishwa tupu: ilirudi na chumvi, au sukari, au, ikikosekana, mayai mawili.

Tunakumbuka, kama katika ukungu, miaka ile serikali ya Zaire ilipoifuta Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Ilikuwa mwaka wa 1974. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi, na majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kukatazwa. Baba alikwenda kazini kama wengine. Vinu vilisikika usiku wa tarehe 23 kama kawaida, na mtaani hakuna aliyeuliza wanatwanga nini.

Yafaa tuseme pia habari isiyopendeza kuhusu wali huo. Mpunga si wa mababu zetu wa kale. Ulifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani, misafara ileile iliyoondoka na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Livingstone alifika Nyangwe mwaka wa 1871, akaona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni. Kasongo ikawa mji wa Tippu Tip, wenye mashamba makubwa. Baada ya majeshi ya Dhanis kuuteka mji mwaka wa 1893, wakoloni wa Kibelgiji nao waliupenda mpunga: waliwalazimisha wazee wetu kuulima, pamoja na pamba, na aliyepungukiwa alionja fimbo au kifungo. Kwa hiyo chakula ambacho babu yetu alilazimishwa kukilima kwa ajili ya wengine, bibi yetu alikificha chini ya kitanda kwa ajili ya Noeli. Hatujui mtunzi wa ubeti ule aliyafikiri haya au la. Sisi tumeyafikiri mara nyingi, hasa pale akina mama wanapofika kwenye neno «wali» na kulivuta.

Basi, Desemba ya mwaka wa 2017. Mapigano ya wenye silaha katika eneo la Kabambare yalikuwa yamewafukuza watu vijijini, na wengi walikuwa wamekuja Kasongo, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, wengi wao kwa miguu. Waliishi kwa jamaa, katika madarasa, katika nyumba zisizokwisha. Katika shirika letu peke yake familia tisa zilipokea wageni. Watoto walikuwa wakija kwenye mafundisho bila kula, nasi tulijua, kwa sababu mtoto mwenye njaa huegemea ukuta.

Katika mazoezi ya mwisho mmoja wetu aliuliza kama inafaa kuimba wali na beberu mbele ya watu ambao usiku ule hawatakuwa na kitu. Wengine walisema wimbo ni wimbo. Sisi, tukiwa katekista na mkubwa wa umri, tulikata shauri: ubeti wa tatu usiimbwe mwaka huo. Tulijiona wenye huruma, na labda wenye hekima kidogo. Misa ya usiku ikapita vema. Kutoka kwa wachungaji tukaruka hadi utukufu wa mwisho, na mpiga ngoma pekee ndiye aliyekosea.

Asubuhi, baada ya Misa ya tarehe 25, mama mmoja mzee kutoka Kabambare alikuwa akitungoja mlangoni, na wajukuu watatu wameshika kitenge chake. Alitusalimu kwa heshima kabla ya kuuliza:

«Mwalimu, mbona mmeruka ubeti?»

Tulishangaa kwamba anaujua. Akasema wimbo ulifika kwao zamani pamoja na katekista wao, aliyeupata katika mafunzo hapa Kasongo. Tukamweleza sababu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa zawadi. Alisikiliza mpaka mwisho.

«Hawa,» akasema akiwagusa vichwa, «nimetembea nao siku sita. Wakichoka, ninawaimbisha. Nimewaambia Kasongo wataimba akina mama wanaoleta chakula. Mdogo hajui Noeli ya nyumbani, alikuwa mgongoni. Anaijua kwa wimbo tu. Jana usiku aliningoja niimbe, nikamwambia subiri, unakuja. Haukuja.»

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumewafundisha walimu wengi kwamba mwanafunzi aulizwe kwanza anajua nini kabla ya kufundishwa. Lakini hatukwenda hata nyumba moja kati ya zile tisa kuuliza.

Mama yule alikuwa hajamaliza. «Tena ubeti wenyewe una kosa,» akasema. «Beberu ni la kwenu. Sisi wa upande wa Luama tulileta samaki wa kukaushwa. Mume wangu aliwatega, mimi nikawakausha juu ya moto tangu mwezi wa kumi na moja. Nani aliwaambia kila mtu ana mbuzi?»

Siku iliyofuata ilikuwa ya Mtakatifu Stefano. Mfalme wa Bohemia tulikuwa bado hatujamsikia. Ni shirika lenyewe lililopeleka ujumbe mtaani jioni ile, na watu wakaleta walichonacho. Ulipatikana mchele makopo kumi na manane, mafungu ya majani ya mihogo, mawese chupa nne. Jirani yetu Mwislamu, mtoto wa yule aliyemchinjia baba, alileta chumvi na sukari. Samaki wa Luama hawakupatikana. Sokoni kulikuwa na ndagala wakavu wa Tanganyika, tukanunua hao. Tulidhani akina mama wa parokia watapika na wageni watakaa. Mama mzee alikataa katakata. Aliomba kinu, akafunga kitenge chake vizuri, akaanza kutwanga, na wenzake wa Kabambare wakamfuata, mpaka wenyeji wakabaki kuchota maji. Sombe yao haifanani kabisa na yetu: huitia mawese mwishoni, na wanawake walibishana juu ya hilo kwa furaha kubwa.

Mjukuu mdogo alipopewa sahani, aliinua ndagala kwa vidole viwili akauliza kama huyu ndiye samaki wa babu.

«Hapana,» bibi yake akamjibu, «huyu ni wa ziwani. Wetu ni mkubwa. Kula.»

Ubeti ukaimbwa pale uani, bila ngoma, wali ukiwa bado mdomoni.

Mama yule alirudi kwao njia ilipofunguka kidogo, na hatujapata habari zake tena. Kabla hajaondoka tulimwomba atupatie maneno ya samaki wa Luama ili tuyatie katika wimbo. Aliyasema mara mbili tukayaandika, baada ya beberu na kabla ya vitumbua, kwa kalamu nyekundu, katika daftari lile lililoliwa na mchwa. Shida ni kwamba mstari huo umezidi silabi mbili. Soprano hukimbia ili kuufikia mwisho, besi hubaki nyuma, na kila mwaka kuna mtu anayependekeza «Luama» liondolewe libaki «samaki» tu, ili sauti zikae sawa. Mwaka huu aliyependekeza ni yule kijana wa msonobari. Tulimsimulia habari hii yote, kama tulivyoisimulia hapa. Alinyamaza, kisha akajaribu kuugonga mstari kwa vidole juu ya sanduku la bati, akavuta neno la kwanza na kulifupisha la pili, na mara ya tatu ukakaribia kuingia. Alhamisi tutaujaribu na kwaya nzima.