Fedha Isiyoshikwa kwa Mkono

Tokea miaka michache neno jipya limeingia katika mitaa yetu, nalo ni kripto. Vijana hulisema vituoni wakingoja gari, akina mama hulisikia sokoni, na hata wazee wasio na telefoni ya kisasa wamekwisha kuambiwa kwamba iko fedha isiyoshikwa kwa mkono, ambayo humtajirisha mtu hali amelala. Sisi, baba na mama wa nyumba moja ya Katuba, Lubumbashi, hatukuinunua. Msidhani ni kwa ajili ya akili nyingi: siku tulipoalikwa, akiba yetu ilikuwa imekwisha kugeuka mabati juu ya vichwa vyetu. Lakini tumeishi karibu na watu walioinunua, tumesikiliza hesabu zao, tumekula bukari pamoja nao baada ya hasara, na mambo waliyojifunza kwa gharama kubwa twaona si haki yabaki yamefungiwa ndani ya nyumba tatu nne.

Yafaa kwanza kulieleza jambo lenyewe, kwani wengi hulipenda au hulichukia pasipo kulijua. Fedha ya kripto iliyojulikana kuliko zote huitwa Bitcoin. Maandishi ya kuieleza yalitolewa mwezi wa Oktoba 2008 na mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye hata leo hajulikani kwa hakika ni nani, nayo ikaanza Januari 2009. Fikirini daftari moja kubwa la malipo, ambalo nakala zake zimewekwa katika maelfu ya kompyuta duniani kote. Kila malipo huandikwa katika nakala zote, wala hakuna karani awezaye kufuta mstari mmoja kwa siri. Hesabu ya Bitcoin imewekewa mpaka: haitapita milioni 21. Kompyuta zinazolinda daftari hilo hula umeme mwingi sana, nazo hulipwa kwa Bitcoin mpya. Hata katika nchi yetu, wasimamizi wa Mbuga ya Virunga walianza mwaka 2020 kutumia umeme wa maji wa Luviro kwa kazi hiyo, ili kupata fedha za kuitunza mbuga. Basi anayesema kwamba kripto yote ni udanganyifu mtupu, asema neno asilolipima.

Walakini bei yake haina utulivu, na sisi watu wa Katanga twapaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengine. Mwanzoni mwa mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 katika masoko ya dunia. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000. Wachimbaji wa Kolwezi hawakuwa wamekosa neno lolote: shimo lilikuwa lile lile, jiwe lile lile, jasho lile lile. Bei ilikuwa imepangwa mbali, na watu wasiowajua. Ndivyo ilivyo na Bitcoin. Mwezi wa Novemba 2021 moja ilikaribia dola 69,000. Baada ya mwaka mmoja ilikuwa chini ya 16,000. Kisha Desemba 2024 ikapita 100,000. Mtu mwenye kutazama mistari hiyo leo atasema: aliyenunua akangoja, alipata. Ni kweli. Lakini ni nani miongoni mwetu awezaye kungoja miaka mitatu hali fedha aliyoiweka ni minervali ya watoto ya mwezi wa Septemba?

Mtoto wa dada wa mama wa nyumba hii hakungoja hata siku tatu. Yeye ni fundi wa telefoni, kijana mwenye mikono mizuri na subira katika kazi yake. Aliweka dola 200. Biashara ya namna hii ina mlango mmoja ambao wengi hawauoni vema: yule mwenye soko hukukopesha, hata ukafanya biashara kubwa kuliko mfuko wako. Kijana alichagua mara 20. Maana yake, kwa dola zake 200 alishika mali ya dola 4,000. Furaha ilioje! Bei ikipanda sehemu 5 katika 100, amepata dola 200 nyingine. Lakini bei ikishuka sehemu hizo hizo 5, fedha yake yote imekwisha, na mwenye soko hufunga biashara papo hapo bila kumwamsha. Ikawa hivyo, usiku, yapata saa nane. Asubuhi alipoamka bei ilikuwa imekwisha kurudi mahali pake, tena imepita. Alitueleza huku akicheka kicheko kibaya: «Baba mkubwa, mimi nilijua bei itapanda, na imepanda. Ila mimi sikuwapo.»

Hasara ile ya kwanza, twaamini, angaliweza kuibeba. Iliyomharibu ni ya pili na ya tatu. Alikwenda kukopa kwa rafiki zake ili kuirudisha ile iliyopotea, naye alifanya biashara kwa hasira, kama mtu apiganaye na mtu aliyemtukana. Tulipohesabu pamoja naye, dola 200 zilikuwa zimekuwa 650, na 450 kati yake zilikuwa deni la likelemba ya mafundi, ambayo zamu yake ilikuwa ya mwingine. Twaliuliza shauri lake: kwa nini hukuja kwetu baada ya zile 200? Akasema aliona haya kuja mikono mitupu.

Haya! Neno hili ndilo tulilokutana nalo katika kila nyumba, na kwa kweli laharibu kuliko bei.

Jirani yetu Mwalimu hufundisha hesabu katika darasa la sita. Yeye hakununua Bitcoin hata moja, ingawa alidhani amenunua. Aliingizwa katika kikundi cha WhatsApp ambamo watu wasiojulikana walisifu kila asubuhi faida walizozipata. Aliambiwa aweke programu fulani katika telefoni yake, na programu hiyo ilimwonyesha fedha yake ikikua sehemu 2 katika 100 kila siku. Baada ya majuma mawili akaomba dola 60 zitoke. Zikatoka! Kwa dola hizo alimnunulia mke wake kikwembe, akamwambia ni malimbikizo ya mshahara. Kisha akaingiza dola 1,800, fedha ya matofali na saruji ya kiwanja chao. Alipotaka kutoa, akajibiwa kwamba lazima alipe kwanza kodi, sehemu 15 katika 100, kabla sanduku halijafunguliwa. Akalipa dola 270, nazo alizikopa. Baada ya hapo hakuna aliyejibu tena.

Mtaona kwamba mtu wa hesabu angeweza kujua. Mtoto wake wa kidato alifanya hesabu hiyo baadaye, kwa chokaa, juu ya ubao wa mlango: dola 100 zikiongezeka 2 katika 100 kila siku, na faida ikirudishwa ndani, baada ya mwaka huwa zaidi ya dola 137,000. Hakuna mgodi, hakuna duka, hakuna benki duniani itoayo matunda hayo. Baba yake alitazama ubao ule, akasema kwamba angewasahihishia wanafunzi wake hesabu hiyo kwa dakika mbili.

Kwa miezi sita mke wa Mwalimu hakujua. Alikwenda kwa mfyatua matofali, akarudi kuomba fedha, akaambiwa angoje Jumamosi. Jumamosi akaambiwa angoje mwisho wa mwezi. Mume alikuwa halali, tena alitoka uani kila telefoni ilipolia. Mama yule alifikiri yupo mwanamke mwingine. Alikuja kwetu mara mbili na neno hilo rohoni, nasi hatukuwa na la kumjibu. Siku alipoambiwa ukweli alicheka kwanza, kwa kuwa mzigo mmoja ulimtoka. Ndipo akaketi chini akalia kwa ajili ya nyumba. Naye alikuwa amevaa kikwembe kile. Alisema maneno haya mbele yetu: «Afadhali ungaliniambia siku ile ya dola 60. Ningalikuuliza tu, Mwalimu, watu hawa wapata faida gani kutupa sisi fedha?» Twakiri kwamba katika yote tuliyosoma juu ya kripto hatujapata swali lililo bora kuliko hilo.

Hila hii si mpya. Wazee wa Kinshasa hawajasahau Bindo Promotion, iliyowavuta watu kwa kuwaahidi mara nyingi ya walichoweka, hata ikaanguka mwaka 1991 na akiba za maelfu ya nyumba ndani yake. Jina limebadilika tu, na sauti imekuwa ya kitaalamu. Tangu mwaka 2014 watu walitembezewa OneCoin katika nchi nyingi, Uganda ikiwa mojawapo. Ilijiita kripto, lakini lile daftari la wote tulilolieleza juu halikuwako kabisa. Mwanamke aliyeiongoza, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na kiasi cha dola bilioni 4 za watu zilikuwa zimekwisha kukusanywa.

Wala msifikiri kwamba hudanganywa maskini na wasiosoma peke yao. Mwaka 2022 wakubwa walianguka pamoja na wadogo. Mwezi wa Mei ilianguka sarafu iliyoitwa TerraUSD, ambayo ilisemwa itakuwa sawa na dola moja siku zote, na walioiweka mahali pamoja paitwapo Anchor waliahidiwa karibu sehemu 20 katika 100 kwa mwaka. Sarafu mwenzake, Luna, ilitoka zaidi ya dola 80 ikawa karibu na bure kwa siku chache tu. Mwezi wa Novemba likaanguka soko kubwa la FTX, ambalo mwenyewe, Sam Bankman-Fried, alikuwa amesifiwa na magazeti na wenye mabenki. Mabilioni ya dola za wateja hayakuonekana, naye mwaka 2024 akahukumiwa miaka 25 gerezani. Wateja wale walikuwa wameona hesabu zao kwenye telefoni, kama Mwalimu alivyoona yake. Tofauti ni kubwa kati ya kuona namba na kuwa na fedha.

Na hata yule anayeshika fedha yake mwenyewe ana shida yake. Funguo za sanduku la kripto mara nyingi ni maneno 12 au 24, yaliyopangwa kwa taratibu yake. Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Mama mmoja mchuuzi tunayemfahamu alipata mtu wa kumsaidia kwa telefoni, mpole sana, aliyemwomba amsomee maneno hayo ili atengeneze kosa. Alimsomea yote 12. Ukikosea kutuma fedha kwa njia ya telefoni, waweza kukimbia kwa wakala na pengine kurudishiwa. Hapa hakuna wakala wala ofisi, na mstari ulioandikwa katika daftari lile haufutwi.

Tulikaa na kijana wetu jioni nyingi. Tulimlipia likelemba dola 150, kwa sababu jina lake kati ya mafundi lilikuwa na thamani kuliko hizo. Zilizobaki alizilipa mwenyewe, kioo kwa kioo, betri kwa betri, kwa muda wa mwaka na nusu. Hatukumkataza kripto. Mama mkubwa wake alimtaka neno moja tu: daftari la karatasi, likae juu ya kabati yetu, na kabla ya kununua aandike humo ni fedha ya nani, na kwa nini anunua leo. Sasa huweka dola 20 kwa mwezi, zake mwenyewe, bila mkopo. Kurasa nyingine zimeandikwa sababu, kisha zikakatwa kwa mstari kabla ya kununua lolote.

Mwalimu na mke wake wamefyatua matofali yao wenyewe mwaka huu, pamoja na watoto, wakati wa kiangazi. Mwezi uliopita namba mpya ilimwandikia: fedha zake zote zimepatikana, alipe dola 90 tu zirudishwe. Mwalimu alimpelekea mke wake telefoni aliko, uani. Mama akaifuta mikono, akasoma maandishi yale mara mbili polepole, akayafuta, akamrudishia telefoni, kisha akaendelea kuchekecha unga wake.