Kilichoizima Amplifaya ya Kaka

Kama wewe hupanda matatu kati ya Thika na Ruiru, bila shaka umeona jinsi vijana wa rika letu wanavyochagua gari. Hawatazami tairi, wala hawaulizi kama dereva ana leseni. Wao hutega sikio. Gari lenye muziki wa kutetemesha vioo hujaa kufumba na kufumbua, na gari bubu husimama steji mpaka makanga akaukwe na koo kwa kuita. Mimi silisifu jambo hili, na najua kuna kanuni za NEMA za mwaka wa 2009 kuhusu kelele. Lakini kaka yangu ni dereva wa Nissan ya abiria 14, anakula kwa kazi hiyo, nasi nyumbani twala kwa kazi hiyo hiyo.

Basi muhula uliopita amplifaya yake ilianza vituko. (Mwalimu wetu angetaka niseme kikuza sauti, lakini ukisema hivyo steji watu watakucheka.) Asubuhi ikitoka Makongeni ilinguruma kama simba. Jioni ikifika, taa za gari zikiwashwa na sauti ikipandishwa, taa ndogo nyekundu yawaka, kimya! Baada ya muda inarudi yenyewe kama mtu aliyezirai akazinduka. Abiria wakazoea kusema, "Hii gari iko na kifafa," na wengine wakawa wanashuka kabla haijaondoka.

Kaka akampelekea fundi mmoja. Fundi akaifungua, akakaa nayo siku mbili, kisha akatoa hukumu: "Hii imekufa, kijana. Nunua ingine." Ingine ilikuwa shilingi 9,500. Mwenye gari naye aliposikia akasema kwamba muziki ni maneno ya dereva, yeye anataka hesabu yake ya jioni tu. Kaka alikuwa ameweka shilingi 10,000 kwenye simu, nazo zilikuwa salio la karo yangu. Mama hakusema neno. Aliitazama tu kalenda ukutani, ambako siku ya mwisho ya kulipa, Jumatatu, ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu.

Nilimwomba kaka jambo moja tu. Kabla hajanunua, Jumamosi twende Ruiru kwa mjomba, ambaye alianza kutengeneza redio kabla sijazaliwa. Kaka akanung'unika kwamba Jumamosi ni siku ya pesa, lakini akakubali. Tukateremka barabara kuu ya Thika, tukapita Juja, na saa nne tulikuwa mbele ya kibanda cha mjomba.

Nilitarajia achukue bisibisi mara moja. Wapi! Alikaa juu ya kreti ya soda akaanza kuuliza maswali. "Inazima saa ngapi? Ikizima, ukiigusa ni moto? Gari likiwa tupu barabarani inazima, ama ni kwenye foleni?" Kaka akajibu kwamba mara nyingi ni jioni, kwenye foleni. Mjomba akatikisa kichwa kama aliyesikia jina la mtu anayemfahamu.

"Mpwa wangu," akaniambia, "amplifaya ya gari huwashwa na nyaya tatu. Mnene mwekundu unatoka kwenye betri. Mwembamba unatoka kwenye redio, kazi yake ni kuiamsha tu. Mweusi unafungwa kwenye bodi ya gari, kwa sababu bodi yenyewe ndiyo njia ya umeme kurudi kwa betri. Watu wote huangalia mwekundu. Huyo mweusi hakuna anayemsalimia."

Kwanza aliweka kiganja juu ya amplifaya baada ya kuipiga muziki hadi ikazima. Ilikuwa vuguvugu tu, kwa hivyo si joto lililoizima. Pili, akachomoa nyaya za spika akazipima kwa mita moja baada ya nyingine. Spika za ohm 4 husoma chini kidogo ya 4 ukizipima hivyo, na zote zilisoma sawa. Hakuna waya uliogusa chuma cha gari. Tatu, akanipa mita mimi mwenyewe. Mikono ilinitetemeka, si uongo.

Injini ikinguruma, taa zimewashwa na muziki umepandishwa, nilipima kwenye betri: volti 13.6. Nikapima kwenye amplifaya, besi ilipopiga: volti 9.8. Amplifaya nyingi za gari hujizima ili kujilinda umeme ukishuka karibu na volti 10. Kumbe maskini ilikuwa inakufa njaa! Volti 3.8 zilikuwa zimepotelea njiani, na swali likawa zimepotelea njia gani, ya kwenda ama ya kurudi.

Hapo mjomba akanionyesha jambo ambalo limenikaa. Ukiweka waya mmoja wa mita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye chanya ya amplifaya, muziki ukilia, mita inakuambia kiasi kinachopotea upande huo. Nikapata 0.4. Upande wa hasi nikapata 3.4. Mwizi huyo! Kidato cha tatu tumesoma kanuni ya Ohm, basi nikachukua kipande cha katoni nikapiga hesabu. Mjomba alikadiria ampea 20. Ukigawanya 3.4 kwa 20 unapata ukinzani wa ohm 0.17, kitu kidogo kabisa kwenye daftari. Lakini 3.4 mara 20 ni wati 68, na wati hizo zote zilikuwa zinageuka joto mahali fulani. Nikapapasa chini ya kiti, kwenye bolti ya waya mweusi. Niliondoa kidole haraka. Ilikuwa moto kama sufuria!

Tulitoa kwanza hasi ya betri, ndipo tukafungua bolti. Aliyeifunga aliifunga juu ya rangi, na chini yake kulikuwa na kutu ya rangi ya chai ya maziwa. Ukifikiria, sakafu ya matatu huoshwa kwa maji kila siku, na maji hayo huishia hapo hapo. Asubuhi betri ikiwa imepumzika na taa zimezimwa, umeme uliobaki ulitosha. Jioni taa zinadai haki yao, na kwenye foleni injini inazunguka polepole na kuchaji kidogo.

Nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa kama shilingi mpya. Mjomba akaweka waya mweusi mpya, mnene sawa na ule mwekundu, akakaza, akapaka grisi juu. Akafuata waya mwekundu hadi kwenye betri na hapo akakasirika kweli kweli, kwa maana mahali pa fyuzi palikuwa na nyuzi za shaba zilizosokotwa. "Hii ni kuchoma watu 14!" akafoka. Waya huo ukigusa chuma bila fyuzi, hakuna cha kuukata umeme kabla haujawaka moto. Akatia fyuzi ya ampea 30. Kwangu mimi hilo lilikuwa kubwa kuliko muziki wote.

Nikapima tena. Upande wa hasi: 0.1. Kwenye amplifaya: 13.1. Kaka akapandisha sauti mpaka jirani muuza mitumba akatoka nje kuangalia.

Tulipokuwa tukinywa chai, mjomba alinieleza kuhusu yale mabasi madogo ya abiria 33. Hayo hutumia betri mbili, volti 24. Baadhi ya mafundi huchukua volti 12 za muziki kutoka betri moja tu, na betri hiyo huwa haishibi ilhali mwenzake anavimbiwa. Dawa yake ni kifaa cha kushusha 24 iwe 12. Kaka alisikiliza kwa makini kuliko mimi, maana ana ndoto ya kuendesha gari kama hilo.

Mjomba alikubali shilingi 600 za waya, fyuzi na grisi, na jasho lake akakataa kulipwa. Tukabeba abiria wa jioni kwenda Thika. Taa zote ziliwaka, foleni ilikuwa ndefu, na amplifaya haikukohoa hata mara moja. Karibu na Juja mama mmoja aliyebeba mtoto aliyelala akasema, "Dereva, tafadhali punguza." Kaka akapunguza.

Jumatatu asubuhi nilipeleka shilingi 9,400 kwa karani, nikapewa risiti. Zile 600 zilizobaki kaka amezilipa wiki jana.