Barua kutoka Göteborg: Dada, nenda kasome

Dada yangu,

Juzi ulisema unatamani kujifunza kushona, ila umri umekwenda na watu watasema. Jambo hilo halitoshi kwa simu, ndiyo maana naandika.

Hapa Uswidi, kila Jumatano jioni naenda kufinyanga. Darasani ni watu wazima watupu: dereva wa basi mstaafu, mkunga, na bibi aliyepita miaka 80 ambaye mwaka huu ndio anashika udongo kwa mara ya kwanza. Hakuna mtihani wala cheti. Wakipatikana watu watatu, akiwemo kiongozi wao, darasa linaweza kuanza. Utaratibu huu aliuanzisha Oscar Olsson mjini Lund mwaka 1902, wakati vitabu vilipokuwa ghali kwa wafanyakazi. Walisoma kwa pamoja, wakajadiliana. Serikali hutoa ruzuku, ingawa tangu 2024 imeipunguza. Inaniuma, kwa kuwa watakaokosa ada kwanza ni wastaafu wenye pensheni ndogo.

Mwalimu wetu anatumia gurudumu la umeme. Nilipomweleza habari za akina mama wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe, wanaofinyanga bila gurudumu na kupeleka vyungu Matema kwa mtumbwi, aliacha kazi akasikiliza. Wewe uko Tukuyu, dada. Mafundi hao ni jirani zako.

Tena kusoma ukubwani si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama zetu walikwenda kwenye kisomo na watoto mgongoni. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na mfano wake ulitoka hukuhuku Uswidi. Leo vipo zaidi ya 50. Vimejaa vijana wa useremala, umeme na magari, nami nawafurahia. Ila havikujengwa kwa ajili ya vijana peke yao. Wewe umefundisha watoto wa watu, umelea wako, umeuguza wazazi wetu hadi mwisho. Una haki ya kujifunza kitu kwa sababu tu moyo wako unakitaka, hata kama hutauza gauni moja.

Ulizia chuo kilicho karibu kama wana kozi fupi ya ushonaji, na ada yake. Nauli na cherehani niachie mimi.

Mdogo wako