Nusu Dakika Iliyopotea Kiwanjani

Katika mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, umeme haubishi hodi unapoondoka. Jioni moja uliondoka mzee mmoja akisimulia habari za baba yake, askari wa Kisomali aliyewatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kisha akapewa makao Isiolo pamoja na wenzake. Mbele ya mzee aliketi kijana, mwanafunzi wa Kiswahili aliyekuja likizoni, akinasa sauti kwa kipakatalishi kikuukuu ambacho betri yake ilikuwa imekufa zamani. Umeme uliporejea, faili ilikuwepo na sauti ya mzee ilikuwemo. Ila takriban nusu dakika ya mwisho haikuwamo, na humo ndimo mzee alimowataja wenzake baba yake, jina baada ya jina.

"Rudia kidogo tu, babu," kijana alisihi.

"Mjukuu wangu, kwani mimi ni mfereji, nifungwe na kufunguliwa?" Mzee aliomba bakora yake, akaenda zake.

Kijana aliilaumu diski. Alidhani ni nzito, imeshindwa kuandamana na ulimi wa mzee, na usiku huo akaazimia kuipima. Alitumia fio, programu huria iliyobuniwa na Jens Axboe, mtaalamu wa Linux kutoka Denmark. Fio ni mtumishi mtiifu kupita kiasi: hupima kile inachoambiwa, hata kama si kile mtu anachotaka kujua. Huelezwa katika faili fupi kama iandike kwa mfululizo au kwa kurukaruka, vipande viwe na ukubwa gani, na iandike wapi. Hapo pa mwisho kijana alitaja faili tupu, wala si diski yenyewe, maana programu hii ikielekezwa kwenye diski nzima huweza kufuta kila kilichomo.

Jaribio la kwanza alilipanga kwa pupa: vipande vikubwa, mfululizo, bila sharti jingine. Jibu lilipita gigabaiti 2 kwa sekunde. Alifurahi, kisha akashuku. Diski yake ilikuwa ya sahani, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na hata njia ya SATA inayoiunganisha na tarakilishi haipitishi zaidi ya takriban megabaiti 600 kwa sekunde. Kumbe maandishi hayakuwa yamefika diskini! Yalikuwa bado katika kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika. Linux ilikuwa imeyapokea mfano wa karani anayepokea barua, akaitikia "tayari", kisha akaiacha mezani. Na karani huyo, kwa mpangilio wake wa kawaida, huweza kuiacha barua mezani kwa sekunde 30 hivi.

Sekunde 30. Kijana aliitazama tarakimu hiyo kwa muda mrefu.

Alianza kupiga hesabu ambayo ingestahili kutangulia. Sauti ya mkondo mmoja, ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo baiti 2, huhitaji baiti 88,200 tu kwa sekunde. Hata diski kongwe huyameza hayo bila jasho. La hasha, kasi haikuwa tatizo kamwe! Swali lilikuwa ni kiasi gani cha maneno ya mzee kilikuwa mezani taa zilipozimika.

Akaandika upya faili ya maelekezo, safari hii akiifananisha na kazi yenyewe: mfululizo, vipande vya kilobaiti 4, kasi isizidi ile ya sauti, na baada ya kila vipande 20 itolewe amri ya fsync, inayomlazimisha karani kuifikisha barua kabla ya kuitikia. Kwa jaribio la kando aliitaka amri hiyo baada ya kila kipande, pasipo kikomo cha kasi. Hapo diski ililia. Sahani huchukua milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na kila amri ilingoja zamu yake. Ile gigabaiti ya kujivunia ikawa haifiki hata megabaiti 1. Lakini kwa vipande 20, yaani takriban mara moja kwa sekunde, haikulalamika hata kidogo.

Kando ya programu ya kunasa sauti akafungua dirisha la pili lenye kutoa amri ya sync kila sekunde. Kisha akajisomea gazeti kwa sauti, na katikati ya sentensi akachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Akarudia mara tano. Kila alipowasha tena, kilichokosekana kilikuwa neno moja au mawili.

Siku ya tatu alimwendea mzee na kilo moja ya sukari, akamweleza habari za karani na barua. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Basi keti, mjukuu wangu."

Akaanza upya. Ila safari hii hakuanza na baba yake. Alianza na mama.