Korongo Huyu, si Korongo Hii

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kufundisha nchini Rwanda amekwisha kutia wino mwekundu chini ya sentensi za namna hii: "Ng'ombe inakula majani," "Mbwa ile inabweka," "Korongo inaruka." Mwanafunzi hakosei kwa uvivu, anafuata alivyofundishwa na lugha ya mama yake. Katika Kinyarwanda mnyama hufuata ngeli ya jina lake. Ng'ombe ni inka, nasi husema inka irarisha. Korongo mwenye taji ni umusambi, naye amepangwa pamoja na umusozi, yaani mlima, na umuriro, yaani moto, nasi husema umusambi uraguruka. Kiswahili kina shauri jingine. Chenyewe hutazama kwanza kama kinachotajwa kina roho, na kikiisha kuiona roho hukipa kiambishi cha watu, jina lake liwe la ngeli yo yote. Kwa hiyo ndege mwenye manyoya ametua, na ndege ya abiria imetua, ingawa jina ni moja.

Naanza na sarufi kwa sababu ndiyo kazi iliyonileta shuleni, na kwa sababu chama cha ndege cha shule yetu kilizaliwa humo humo katika kipindi cha sarufi. Mwaka 2015 wanafunzi wangu walikuwa wamechoshwa na mifano ya simba na tembo, wanyama ambao hapakuwa na hata mmoja wao aliyepata kuwaona. Nikawaambia kila mmoja alete sentensi 5 juu ya ndege aliyemwona kwa macho yake mwenyewe. Shule yetu haiko mbali na kinamasi cha Rugezi, huko kaskazini katika wilaya za Burera na Gicumbi, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye ukungu na baridi ya asubuhi. Walileta sentensi nyingi kuliko nilivyoagiza, na wiki iliyofuata wakaniomba tushuke pamoja hadi ukingoni. Tangu hapo tukawa tunashuka kila Jumamosi, isipokuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo ni siku ya umuganda. Mali yote ya chama ilikuwa darubini mbili, moja imepasuka kioo, na daftari lenye jalada gumu ambalo tulikubaliana liandikwe kwa Kiswahili.

Asiyepata kumwona korongo huyu akicheza hawezi kuelewa kwa nini watu walimtamani hata wakamfunga. Kimo chake ni kama mita moja, naye akiyakunjua mabawa yake upana wake hukaribia mita mbili. Mwili wake ni wa kijivu, mabawa yana weupe mkubwa unaoonekana kwa mbali, shavu ni jeupe lenye wekundu, na kichwani amesimamisha kishungi cha manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Dume na jike hukaa pamoja mwaka baada ya mwaka. Wanapocheza huinama, huinuka, hurukaruka wakitandaza mabawa, wakati mwingine wakirusha majani juu. Akitafuta chakula hukanyaga-kanyaga chini ili wadudu wafurushwe. Na jambo ambalo wanafunzi walilishangilia mno ni kwamba usiku hulala mtini, kwa kuwa kidole chake cha nyuma ni kirefu na huweza kushika tawi. Jamii nyingi za korongo wa aina yake haziwezi.

Walakini ndege huyu ana udhaifu mmoja. Hutaga mayai mawili au matatu katika kiota cha chini, katikati ya nyasi na mafunjo ya kinamasi, na wazazi huyaatamia kwa zamu muda wa mwezi mmoja hivi. Kinda akitoka katika yai hutembea upesi na kuwafuata wazazi wake, lakini itamchukua miezi miwili au mitatu kabla hajaweza kuruka. Katika muda huo mtoto ye yote mwenye mbio anaweza kumkamata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Makinda yaliokotwa, yakauzwa, yakafugwa katika bustani za mahoteli na nyua za wenye mali, kwa kuwa katika nchi yetu umusambi ni dalili ya utajiri na umri mrefu. Ili asitoroke alikatwa manyoya ya mabawa. Hayo huota tena, basi wengine wakaona heri wakate bawa lenyewe kwenye kiungo, na bawa la namna hiyo haliponi. Alilishwa makombo ya jikoni. Na katika kifungo hicho ni nadra sana kuzaa, maana yake kila kinda aliyeletwa uani alikuwa amepunguza kizazi cha porini pasipo kukiongeza cha nyumbani. Mwaka 2012 korongo huyu alitiwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Mwaka 2014 daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, aliyeanzisha shirika la Rwanda Wildlife Conservation Association, alishirikiana na serikali kutangaza msamaha: mwenye korongo nyumbani ajitokeze, ndege aandikishwe, avishwe pete mguuni na kupimwa afya yake, na mwenyewe hataadhibiwa. Tangazo lilitolewa hata redioni. Kwa miaka iliyofuata zaidi ya korongo 200 walitolewa kifungoni. Walioweza kuruka walipelekwa katika hifadhi ya Akagera, wakazoezwa taratibu mpaka wakajiunga na wa porini. Waliolemaa wamewekwa katika Kijiji cha Umusambi, pale Kigali, mahali palipotengenezwa upya kwa nyasi na maji, ambapo wanatembea bila kufungwa ingawa hawawezi kwenda mbali. Hesabu ya nchi nzima iliyofanywa mwaka 2017 ilionyesha korongo 487. Kufika mwaka 2022 walikuwa wamezidi 1,000.

Tangazo lile la redio ndilo lililotutia katika mashaka. Karibu na shule aliishi mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja, mtu mkarimu kwa shule. Mabati ya bweni la wasichana aliyatoa yeye, na mipira kila mwaka. Katika bustani yake walikuwamo korongo wawili. Wanachama wangu waliwajua kwa kuwa aliyekuwa akiwalisha na kuwatunza ni baba wa binti mmoja wa chama chetu, na binti huyo ndiye aliyetueleza jinsi mmoja wao alivyokuwa akiinua bawa moja tu. Tulisubiri mwaka mmoja na zaidi tukitumaini kwamba mzee atawatoa mwenyewe. Hakuwatoa. Mwaka 2016 watoto wakasema wataandika barua.

Sijapata kuona mjadala wa Kiswahili uliokuwa na maana kuliko ule. Walishindana juu ya mwanzo, kama ni "Mheshimiwa" au "Mzee wetu mpendwa". Wakachagua la pili, kwa kuwa la kwanza lilisikika kama wito wa mahakama. Kijana mmoja akaandika "ndege zako mbili", na wenzake wakamkatiza kwa pamoja: "Ndege wako wawili!" Akajibu kwamba anajua kanuni, ila kwa maoni yake mtu akiisha kuwafunga amekwisha kuwafanya vitu, basi "zako" ndiyo haki yake. Nilimwambia kuwa hoja ni nzuri na sarufi ni mbaya. Yule binti hakusema neno. Mwishowe alipoulizwa alijibu, "Wakiondoka ndege, baba atamwagilia nini, maua peke yake?" Kisha akaitia sahihi barua pamoja na wengine.

Mzee hakukasirika, au kama alikasirika hakutuonyesha. Baada ya wiki tatu aliita wahusika, nao wakaja kuwachukua. Mkuu wa shule aliniuliza kama nalipwa kwa kufundisha Kiswahili au kwa kuwafukuza wafadhili. Na kweli mwaka huo mipira haikuja. Baba wa binti aliachishwa kazi mwezi uliofuata, akarudia shamba lake dogo la viazi mlimani. Binti hakuonekana chamani muhula mzima. Hata leo naamini barua ile ilistahili kuandikwa. Lakini gharama yake ililipwa na mtu aliyekuwa akiwapa ndege wale maji na mahindi kwa mkono wake, wala si yeye aliyewakata mabawa. Naona tabu kila nisikiapo watu wakilieleza jambo la kuwahurumia wanyama kana kwamba halina mlipaji.

Korongo mmoja aliponea Akagera. Yule wa pili bawa lake lilikuwa limekatwa kiungoni, hivyo alitunzwa kwanza mahali pengine na baadaye akapelekwa Kijiji cha Umusambi. Tulipokwenda kumtazama, binti yule, aliyekuwa amerudi chamani, alitambua namna anavyoinua bawa moja. Siku hiyo wanafunzi walinifunza jambo la lugha ambalo sikuwa nimelifikiri. Kiswahili hutumia neno moja, kuruka, kwa kwenda hewani na kwa kurukaruka ardhini, ilhali Kinyarwanda kina maneno mawili, kuguruka na gusimbuka. Wakasema, "Mwalimu, huyu anaruka, lakini haruki." Tuna methali isemayo kila ndege huruka kwa ubawa wake, hapo palikuwa na ndege zaidi ya 50 ambao methali hiyo ilikuwa imewapita. Sentensi ya watoto niliiandika ubaoni Jumatatu, na mpaka leo huitumia kufundishia vitenzi vyenye maana zaidi ya moja.

Wakulima wa bondeni nao wana neno lao, na si haki kulinyamazia. Korongo hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa jana na kuzila, na mtu aliyepoteza mbegu hapendezwi na kishungi cha dhahabu. Wengine walizoea kukata mafunjo na nyasi kwa ajili ya mikeka, nao wakikata wakati wa kutaga hufunua viota. Tulipozungumza nao hatukuanza na ndege. Tulianza na taa za umeme. Maji ya Rugezi ndiyo yanayolisha ziwa Burera, na kati ya Burera na Ruhondo ndipo ulipo mtambo wa umeme wa Ntaruka. Kinamasi kilipochimbwa mifereji na kulimwa, maji ya ziwa yalishuka, na mnamo miaka ya 2003 na 2004 nchi ilipata upungufu mkubwa wa umeme. Ndipo serikali ilipokilinda kinamasi, na mwaka 2005 kikaandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wazee wanaikumbuka giza ile. Mzee mmoja alituambia kwamba hajali korongo, lakini anajali maji, na kwa kuwa korongo anakaa penye maji, basi yeye na korongo ni majirani.

Tangu hapo chama kimevuka mipaka ya korongo pasipo mimi kukusudia. Sarufi ina hatari yake. Ukiisha kumwambia mtoto kwamba kila chenye roho ni "huyu", atakwenda nalo sokoni. Siku moja tulipishana na baiskeli iliyoning'iniza kuku wengi kwa miguu, vichwa chini, wamefungwa kwenye usukani kama mafungu ya vitunguu. Kijana wa mwaka wa kwanza akaniuliza, "Mwalimu, na kuku si 'huyu'?" Nikamjibu kwamba ni "huyu". Akasema, "Mbona basi amebebwa kama 'hii'?" Mimi nala kuku, wala sijaacha, na nilimwambia hivyo. Lakini chama kiliwaendea wenye baiskeli wanaopita njia yetu, na wawili kati yao sasa hutumia matenga ya kusukwa, ambayo kuku hukaa ndani yake miguu chini. Waliobaki wanasema tenga moja hubeba kuku wachache, na hesabu yao ni ya kweli.

Kwa bundi hatujafanikiwa. Bado hupigwa mawe akilia juu ya paa, na hata wanachama wawili watatu huchelea kuliandika jina lake daftarini.

Daftari lenyewe sasa ni la nne, nalo limetufikisha mahali ambapo nahitaji msaada wa walimu wenzangu. Tumeandika ndege wengi ambao jina lao la Kinyarwanda twalijua na la Kiswahili hatulijui. Neno korongo pekee hubebeshwa ndege kadhaa wenye miguu mirefu, na tena ni jina la bonde lililochimbwa na maji. Kuna ndege mdogo wa kahawia wa Rugezi ambaye wataalamu humwita kwa jina la Grauer. Haonekani po pote duniani ila katika vinamasi vya nyanda za juu za Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Anaishi katika nchi nne ambamo Kiswahili kinafundishwa, na watoto wangu wanamwita "yule anayelia ndani ya nyasi". Ikiwa mahali pako watu wanaosema Kiswahili wana jina lake, au la ndege mwingine wa kinamasi, naomba uliandike pamoja na kijiji ulikolisikia na maelezo ya rangi na sauti yake, ulipeleke kwa mhariri. Usitubunie jina jipya. Tunataka lile ambalo mvuvi au mkata mafunjo amekwisha kulitumia.